Mdomo wa ndiva: shajara ya mradi, Kimara hadi bondeni

Jumapili, 12 Mei 2024. Kimara

Kikao chetu, watu wa bondeni tunaoishi Dar, kimefanyika uani kwa mweka hazina. Tumefika kumi na wanane, viti tumeazima kanisani. Ajenda ilikuwa moja: ndiva ya nyumbani Upare, birika letu la kumwagilia, imepasuka. Mvua za Aprili ziliijaza hadi ikafurika, ukingo ukamong'onyoka upande wa mdomo, na maji yakashuka usiku mmoja na mahindi ya watu watatu. Baba mdogo alituma picha. Mtu asiyepajua angedhani ni shimo la taka lililobomoka.

Nimepewa kuandika shajara hii kwa sababu mimi ni katibu, na pia nauza mabomba mtaani Gerezani, hapa Dar. Nadhani hiyo ya pili ndiyo iliyonipa kura. Naandika ili mwaka kesho mtu akiuliza hela ilikwenda wapi asijibiwe kwa kukisia. Mnajua tunavyosemwa Wapare, kwamba tunauza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Kuku huyu tumtunzie risiti mapema.

Vijana waliozaliwa huku Dar wameuliza kwenye kundi kama ndiva ni bwawa la samaki. Hapana. Ni birika kubwa la udongo na mawe, limechimbwa ubavuni mwa mlima, juu ya mashamba. Kijito chetu ni chembamba. Ukikielekeza moja kwa moja shambani, maji yananywewa na udongo njiani na mtu wa mwisho haoni kitu. Kwa hiyo kinaelekezwa kwenye ndiva jioni, kinajaza usiku kucha watu wakiwa wamelala, na alfajiri mdomo unafunguliwa. Maji yanatoka kwa kishindo, yanaingia kwenye mfongo, yaani mfereji wa kwenda mashambani, na yanafika mbali. Ndiyo hesabu yote, na wazee waliipiga bila kalamu. Upare umejaa ndiva, nyingi zikiitwa kwa majina ya koo zilizozichimba.

Bonde letu liko upande wa magharibi wa Upare Kusini. Mawingu ya bahari yanagonga upande wa mashariki kwanza, yanamwaga kule na kwenye msitu wa Chome kuzunguka kilele cha Shengena, mita 2,462, na yakivuka kuja kwetu yanakuwa yameshajikamua. Wenzetu wa Mamba, upande ule wa mashariki, wanalima tangawizi inayojaza maghala ya Kariakoo. Sisi tunakaa tukitazama mfongo.

Maazimio: kukarabati kabla ya vuli. Kiasi cha mchango kitajadiliwa.

Jumapili, 26 Mei

Kimejadiliwa kwa saa tatu na nusu.

Binti wa Tegeta, ambaye ni mhasibu, alileta pendekezo zuri kwenye karatasi: kila mtu achangie kwa kipato chake, wenye ajira za kudumu wapande, bodaboda na mama lishe washuke. Karatasi ilizunguka, watu wakaitikia kwa kichwa. Ikafika kwa mzee wa Tabata. Akavua miwani.

"Mwanangu, hii tuliikataa mwaka 1945."

Wengi hawakumwelewa. Alikuwa anasema habari za mbiru, kodi ya wakoloni iliyopangwa kwa kukadiria mali ya mtu. Watu walitoka milimani kwa maelfu, wakaenda kukaa Same makao makuu ya wilaya, wakasema hawarudi mpaka ifutwe. Mwaka uliofuata wanawake nao wakaingia. Wakoloni wakaja kuachana nayo. Mzee anasema marehemu baba yake alikuwemo, na kilichowaudhi hakikuwa kutoa, walikuwa wanatoa siku zote. Kilichowaudhi ni mtu mwingine kuingia nyumbani kwako na kuhesabu.

Binti wa Tegeta alikuwa na jibu, na mimi naona lilikuwa la haki: "Shikamoo babu. Lakini mama lishe na meneja wakitoa sawa, hiyo nayo si haki." Mzee akakubali kwamba si haki. Akasema hata hivyo asihesabiwe.

Tumetokea katikati: kiwango cha chini 30,000 kwa kila kaya, anayetaka kuongeza aongeze, na majina yasomwe bila tarakimu. Tuma na ya kutolea, yaani ada ya kutoa hela kwenye simu. Nimerudia kwenye kundi mara tatu: na ya kutolea.

Jumapili, 16 Juni

Nimerudi Dar jana usiku kutoka nyumbani Upare. Nilikwenda kupima.

Basi kutoka stendi ya Mbezi alfajiri, Same mchana, halafu Noah ya kupanda mlima iliyopakia watu kumi na moja, jenereta moja na mbuzi. Barabara imekatwa sehemu mbili na mvua, tukashuka kusukuma. Mbuzi alibaki ndani.

Nilikwenda na futi ya chuma ya mita hamsini, nikaishika upande mmoja na mtoto wa shangazi upande wa pili. Urefu mita 25. Upana mita 18. Kina, kwa alama ya zamani iliyo kwenye jiwe, mita 1.2. Maana yake ndiva nzima inabeba mita za ujazo 540, yaani lita 540,000. Halafu baba mdogo akachoma fimbo kwenye tope. Ilizama sentimita 45 kabla haijagonga chini.

Nikakaa juu ya jiwe nikapiga hesabu kwa simu. Tope peke yake ni mita za ujazo 202 na nusu. Toroli la kawaida linabeba kama lita 60. Ni toroli 3,375.

Tukapima na kijito. Baba mdogo alikipitisha kwenye kipande cha bati lililokunjwa, mimi nikakinga ndoo ya lita 20. Sekunde mbili imejaa. Kwa usiku wa saa kumi na mbili ni lita 432,000. Ndiva hata ikizibwa leo, kwa tope lililopo haiwezi kubeba zaidi ya lita 337,500. Zinazobaki zitapita juu ya ukingo usiku, watu wamelala. Naamini hicho ndicho kilichoipasua. Mvua ilikuja kumalizia tu.

Nilimuuliza baba mdogo mara ya mwisho tope lilitolewa lini. Alifikiri kidogo.

"Wewe uliondoka mwaka gani?"

Nikamwambia 2003.

"Basi mwaka wa pili wake. Tulikuwa bado tuna watu."

Hakusema kwa lawama. Akaendelea kukunja bati lake.

Jumapili, 30 Juni. Kimara

Nimetoa taarifa ya vipimo. Kundi halikuipenda ile ya toroli. Watu walitaka kusikia saruji. Saruji ina picha nzuri, unaweza kupigwa ukiwa umeikanyaga. Kuna aliyependekeza tusakafu ndiva yote kwa zege. Nikasema miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa kuboresha umwagiliaji wa asili, ndiva kadhaa za Same zikatiwa saruji, na tope halijali kama chini pana udongo au zege. Linakuja kutoka juu, kwenye mashamba ya mteremko yasiyo na matuta. Hapo nikaulizwa kama mimi ni mtaalamu wa kilimo. Si mtaalamu.

Tumekubaliana vitu vitatu: tope litolewe, ukingo ujengwe kwa mawe na saruji upande wa mdomo tu, na mdomo wenyewe uwe wa kisasa. Kipengele cha tatu nimekipendekeza mimi na nimejitolea vifaa kwa bei ya kununulia.

Nikiandika haya naona nilivyokuwa nimefurahi.

Jumatatu, 1 Julai. Gerezani

Nimetenga: bomba la plastiki gumu la inchi nne, mita sita. Geti valvu ya chuma ya inchi nne, yenye usukani mwekundu. Flanji mbili, boliti, mpira wa kuzibia. Dukani kwangu inchi nne ndilo bomba kubwa, watu wananunua kwa ajili ya maji taka ya ghorofa. Fundi wa fremu ya jirani ameigonga valvu kwa kucha akasema hii itazikwa na wewe.

Mdomo wa sasa ni tundu la mawe linalozibwa kwa gogo lililochongwa, matambara na udongo wa mfinyanzi. Kila alfajiri mtu anaingia majini hadi kiunoni kuling'oa. Baridi ya Julai kule si ya mchezo. Usukani utamwokoa.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Wamefika watu watano. Hakuna kikao.

Jumapili, 21 Julai

Kibali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huwezi kuchepusha mto na kuhifadhi maji kwa kuwa tu babu yako alifanya hivyo. Kwetu anayetoa ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, iliyoko Moshi, kwa sababu mwisho wa yote maji yetu ni ya Pangani. Bahati nzuri jumuiya ya watumia maji ya bondeni inacho kibali na hatubadilishi ukubwa wa ndiva, tunarudisha uliokuwepo. Mwenyekiti wa jumuiya ametuma nakala. Imepigwa picha juu ya meza yenye ganda la ndizi, lakini muhuri unaonekana.

Michango hadi leo: kaya 31 kati ya 44. Waliotuma bila ya kutolea ni tisa. Ninayo orodha.

Jumatano 7 hadi Jumapili 11 Agosti. Bondeni

Tumetumia sikukuu ya Nanenane. Tumekwenda ishirini na wawili kutoka Dar, wengine na watoto wao ambao hawajawahi kulala bila feni.

Msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kijiji, umeanza Alhamisi saa moja asubuhi. Zamani asiyetoka kwenye msaragambo alikosa zamu ya maji, na kanuni hiyo kwenye karatasi bado ipo. Kilichobadilika ni kwamba asiyetoka huwa yuko Dar, na shamba lake analima dada yake, na dada anatoka kila mara kwa niaba ya kaya nzima. Niliwahesabu waliokuwepo wenyeji: wanawake 27, wanaume 11, na sita kati ya hao wanaume wana umri wa baba mdogo au zaidi.

Toroli zilikuwa saba. Tope la juu lilikuwa kavu, limepasuka kama kigae, hilo likatoka upesi. La chini lilikuwa jeusi, zito, linashika beleshi halikuachii. Wanawake waliacha toroli wakatumia karai kichwani, wakatupita. Tope halikutupwa. Kila mtu alielekeza kwake, maana ni udongo wa juu wa mashamba ya mlimani, una rutuba yote iliyopotea kule. Shangazi, mwenye shamba la mwisho kabisa kwenye mfongo, alichukua karai nyingi kuliko wote na hakuna aliyemzuia.

Wakati wa chakula, makande. Binti wa Tegeta alikuwa na malengelenge viganja vyote viwili na alikataa kupigwa picha.

Hatukumaliza. Kwa siku tatu tumetoa karibu theluthi mbili. Wenyeji wamesema watamalizia, na sisi tumekubali kulipia chakula cha siku zao zote. Nilitaka kuandika "posho" nikazuiwa. Msaragambo haulipwi. Unapikiwa.

Jioni moja mwenyeji mmoja alinyoosha mkono kwenye mteremko wa juu na kusema hapo pasipowekwa matuta na majani ya guatemala tutarudi hapa tena. Akakumbusha ya Novemba 2009 upande wa Mamba Myamba, mlima uliposhuka kijijini Goha na kuua watu zaidi ya ishirini. Watoto waliacha kucheza.

Jumamosi mimi na fundi mwashi tumefunga bomba na valvu. Ukingo umejengwa. Usukani mwekundu unaonekana tangu njiani. Tumeupiga picha wote, hata mzee wa Tabata.

Jumapili, 25 Agosti. Kimara

Baba mdogo amepiga simu saa nne usiku. Baba mdogo hapigi usiku.

Tope limeisha Jumatano. Ijumaa walijaza, na kwa kuwa kijito kimepungua ilichukua usiku na mchana. Leo saa kumi na mbili asubuhi wakafungua valvu, bonde zima limesimama kutazama. Maji yakatoka. Shamba la kwanza likanywa vizuri. La pili likanywa. La tatu likangoja. Saa tano maji yalikuwa bado yanatoka, membamba, yanaishia kwenye mfongo kabla ya nusu ya njia. Saa kumi jioni ndiva ilikuwa bado na maji, na shamba la shangazi lilikuwa kavu kama lilivyoamka.

"Mdomo ni mdogo," akasema. Akanyamaza. "Sikutaka kukuambia mbele ya watu."

Jumatatu, 26 Agosti. Gerezani

Sikufungua duka hadi saa tano. Nimekaa na karatasi.

Tundu la zamani lilikuwa na upana wa kama inchi nane. Nililiona, niliingiza mkono. Nikaweka inchi nne nikijiambia nimepunguza nusu na maji yatatoka kwa mpangilio. Lakini tundu halipimwi kwa upana wake, linapimwa kwa eneo. Ukipunguza upana nusu, eneo linabaki robo. Maji yanayotoka ni robo. Kwa kina cha karibu mita moja, inchi nne inaanza na lita kama 20 kwa sekunde na inazidi kupungua kadiri ndiva inavyoshuka. Inchi nane inaanza na zaidi ya 80. Ndiva iliyokuwa inamaliza kazi kabla ya saa tatu asubuhi, mimi nimeifanya ichuruzike mpaka jioni.

Na kishindo ndicho kilikuwa kitu chenyewe. Niliandika kwa mkono wangu tarehe 12 Mei, juu huko: maji yanatoka kwa kishindo na yanafika mbali. Mfongo una urefu wa kilomita moja na nusu, ni wa udongo, na una kiu. Maji ya taratibu unayanywa yote.

Nimeuza mabomba miaka kumi na sita.

Jumapili, 1 Septemba

Nimesema mbele ya kikao, na nimesema ni kosa langu. Palikuwa kimya kidogo kisha mtu akauliza kama valvu inarudishika dukani. Inarudishika, duka ni langu. Watu wakacheka na mimi nikacheka, ingawa kwa kuchelewa.

Valvu ya inchi nane nimeiulizia. Bei yake inazidi salio lote. Mzee wa Tabata akauliza, kwa upole wa kuudhi, kwani lile gogo lilikuwa na ubaya gani.

Baridi, nikasema. Mtu anaingia majini.

"Basi tatueni baridi. Mdomo mwuache."

Jumamosi, 14 Septemba. Gerezani

Nimepata kwenye chuma chakavu bomba la chuma la inchi nane, mita mbili na nusu, limechakaa rangi tu. Mchomeleaji ameweka pete nene mdomoni na kikono cha pembeni chenye tundu. Wazo ni hili: gogo linabaki gogo, ila linavutwa kwa mnyororo kutoka juu ya ukingo kwa mtaimbo. Hakuna anayelowa.

Ukubwa wa gogo hatukuupima Dar. Nimetuma duara la karatasi ya boksi kwa kipimo cha ndani ya bomba. Baba mdogo atachonga mwenyewe.

Limepakiwa kwenye buti la basi. Konda aliuliza ni mzinga wa vita gani.

Jumamosi, 28 Septemba. Bondeni

Nimekuja peke yangu. Ukingo niliojivunia tumeutoboa upya, mimi na fundi yuleyule, siku nzima. Hakusema neno kuhusu valvu. Alipomaliza aliifunga kwenye gunia vizuri na kuniwekea kwenye begi.

Jumatatu, 14 Oktoba. Kimara

Sikukuu ya Nyerere. Wamefika kumi na wawili. Kuna wawili nyumbani wanaogombea uongozi wa kijiji kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba, na kila mmoja kwa wakati wake ameulizia ndiva itazinduliwa lini. Tumejibu kwamba haizinduliwi. Ilizinduliwa na waliochimba.

Suala la tope la mwaka kesho limechukua kikao kilichobaki. Pendekezo la kila kaya ya Dar kulipa faini badala ya kutoka kwenye msaragambo limekataliwa na wanawake wa nyumbani kwa simu, kipaza sauti kimewashwa. Shangazi alisema faini haishiki beleshi. Wanataka watu kumi kutoka Dar kila Agosti, kwa zamu, majina yaandikwe sasa. Yameandikwa saba. Mimi ni wa kwanza.

Matuta ya mteremko wa juu: wenye mashamba wale si wa ukoo wetu na hawanywi maji ya ndiva hii. Halijapata jibu.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, sauti ya sekunde 40 kutoka kwa baba mdogo. Nusu ya kwanza ni maji tu, husikii mtu. Halafu mnyororo unagonga chuma. Halafu yeye, anahema:

"Umesikia? Limetoka na mtaimbo mara moja. Shangazi yako anasema maji yamefika kwake na bado yana nguvu, anauliza ayafungie wapi."

Nimeisikiliza mara nne dukani. Mteja wa inchi nne amesubiri.

Salio: 41,500. Kaya zilizochangia: 39. Wanaodaiwa ya kutolea: sita.